Barua ya wazi: Mnakagua gari la majitaka, kagueni na mshahara wa anayeshika mpira

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, kwa wakuu wa jiji la Kampala na wa miji mingine ya Uganda, kwa wasimamizi wa maji na majitaka, kwa wakuu wa mapato na wa akiba ya wafanyakazi.

Waheshimiwa,

Salamu kwenu, na poleni na kazi.

Ninaendesha biashara ndogo ya kunyonya vyoo hapa Kampala. Tuna magari mawili, madereva wawili na mataniboi wanne, yaani vijana wasaidizi wanaofanya kazi na dereva kwenye gari. Ukarani, uhasibu na kupokea simu za wateja ni kazi zangu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kazini kwetu. Dereva mmoja ni wa Koboko, taniboi mmoja ni Mnubi wa Bombo, mwingine alivuka kutoka Kongo akiwa mtoto, na pale kwenye foleni ya kumwaga mzigo Kiswahili ndicho kinachotufanya tuelewane. Katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kitumike hivyo. Naomba basi nisomwe na nijibiwe kwa lugha hii.

Jambo langu ni moja. Kibali cha kazi hii kinaangalia gari, hakimwangalii mtu. Mnataka kujua kama tangi linavuja, kama gari lina bima, kama dereva ana leseni, na siku hizi magari yanafungwa hata kifaa cha kuonyesha lilipo na lilikopita. Nayakubali yote hayo. Lakini tangu nianze biashara hii hakuna afisa aliyeniuliza: vijana hawa umewaajiri vipi, unawalipa shilingi ngapi, na wakiumia nani anawatibu? Kwa kuwa hakuna anayeuliza, anayewalipa vibaya ndiye anayepata kazi nyingi, maana bei yake huwa chini ya ya wenzake.

Mnajua vizuri kuliko mimi kwamba bomba la majitaka halijawafikia watu wengi. Hapa Kampala walioungwa kwenye bomba hawafiki mtu mmoja kati ya kumi. Sisi wengine tunatumia vyoo vya shimo na matangi ya uani, na yakijaa lazima mtu aje ayanyonye. Tope hilo hupelekwa Lubigi, mtambo uliofunguliwa 2014 ukiwa umejengwa kupokea mita za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku, au hupelekwa Bugolobi. Pesa nyingi za umma zimeingia kwenye mitambo hiyo, na zilistahili kuingia. Ila tope haliendi lenyewe. Kati ya uani na mtambo kuna gari, na kwenye gari kuna watu watatu ambao majina yao hayapo kwenye daftari lolote la serikali.

Naomba niwaeleze kazi yenyewe, maana mikutanoni inazungumzwa kana kwamba mashine ndiyo inayofanya kila kitu.

Chukueni choo cha Bwaise, mtaa wa hapa Kampala. Maji ya ardhini yako karibu sana, kwa hiyo watu hujenga choo juu, cha kupanda ngazi, na shimo lake ni chumba cha matofali kilichoinuliwa. Gari haliingii uchochoroni. Linasimama barabarani, na mpira wa kunyonyea unaungwa kipande kwa kipande kupita katikati ya nyumba za watu, mbele ya sigiri ya mama anayepika, pembeni ya mtoto anayeogeshwa kwenye beseni. Kila kiungo kinakazwa kwa mkono, na kisipokazwa vizuri kinatema, na kikitema ni mlangoni kwa mtu. Taniboi anafungua kifuniko. Juu kuna gamba gumu, chini kuna maji, na katikati kuna kila takataka iliyokosa pa kutupwa: makavera (mifuko ya plastiki), nguo kuukuu, chupa, pedi, nepi, nyembe. Analivunja gamba kwa nondo, anamwaga maji, anakoroga, halafu anavua takataka kwa ndoano ndefu mpaka mpira upate njia. Pampu inawashwa, mpira unavuta kidogo, unaziba. Anautoa, anaingiza mkono, anachomoa kitambaa, anaurudisha. Unaziba tena. Tope likishalainika gari hulimaliza upesi. Saa zote nyingine zilizokwenda pale ni za mikono ya yule kijana.

Na shimo likikorogwa linatoa gesi. Ile yenye harufu ya yai viza, haidrojeni salfaidi, ina tabia mbaya sana: ikizidi kiwango fulani huua pua kwanza, mtu akaacha kuinusa na kudhani imekwisha, kumbe imeongezeka. Anayeteremka shimoni kufuata nondo iliyodondoka anaweza kuanguka baada ya pumzi chache tu. Mwenzake akishuka kumwokoa, naye anaanguka. Kwetu ni marufuku kushuka, kitu kikidondoka kimekwenda, na bei ya nondo mpya ni yangu. Sheria hiyo niliweza kuiweka kwa sababu moja: hakuna anayekatwa pesa kwa kifaa kilichopotea shimoni. Mahali ambapo nondo inakatwa kwenye malipo ya kijana, kijana atashuka.

Hapa ndipo mshahara na uhai vinapokutana, na ndipo ninapotaka mkae nami kidogo.

Desturi ya kazi hii ni kulipwa kwa tripu, yaani kwa kila safari ya gari. Hakuna tripu, hakuna pesa. Gari likiwa gereji, taniboi anashinda pale akimshikia fundi spana, bure. Foleni ya kumwaga ikiwa ndefu, hasara ni yake. Mvua ikifunga uchochoro, hasara ni yake. Akiugua tumbo, na kazi hii inaleta magonjwa ya tumbo, anakaa nyumbani bila senti, na akirudi anamkuta mwingine juu ya gari. Mtu anayelipwa hivi ameambiwa aharakishe, hata kama hakuna aliyetamka neno. Glavu zinamchelewesha kwenye viungo, anazivua. Kuliacha shimo wazi lipumue kabla ya kuliinamia kunakula muda, haliachi. Jioni ikiingia, geti la mtambo likikaribia kufungwa, tangi limejaa na kesho alfajiri kuna mteja anasubiri, ndipo wazo la kufungulia valvu kwenye mfereji gizani linapowaingia watu kichwani. Mnakamata gari hilo, mnatoza faini, mnanyang'anya kibali. Ni haki yenu, na majirani wa mifereji yetu wanaokunywa maji ya chemchemi wanawashukuru. Ila nawaomba siku mkikamata gari la namna hiyo mumuulize dereva swali moja zaidi: analipwa kwa mwezi au kwa tripu?

Sisi tuliiacha tripu. Tunalipa mshahara wa mwezi, na posho ya chakula kila siku ya kazi. Wenye magari wenzangu waliniambia vijana watalegea, na sitawaficha kwamba hoja yao ina uzito, wapo waliolegea. Tuliweka nyongeza ya mwisho wa mwezi ambayo hupewa gari zima, dereva na mataniboi wake kwa pamoja: mwezi usiwe na mteja aliyemwagiwa uani, na risiti za kumwaga mzigo zilingane na kazi zilizofanyika. Risiti ikikosekana, nyongeza ya wote watatu imekwenda. Wanachungana wenyewe kuliko ambavyo mimi ningewachunga. Sasa hivi mataniboi wangu ndio wanaodai risiti pale getini.

Kupata mtu mzuri ni kazi. Hatubandiki tangazo, watu huletwa na watu. Kijana anakuja na kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, dereva anakuja na leseni ya daraja la magari mazito. Siku za mwanzo haguswi na shimo, anabeba mpira, anajifunza viungo na valvu, na siku hizo analipwa. Namwangalia anavyomsalimu mwenye nyumba, kwa sababu tunaingia uani kwa watu na kuwaona katika hali ambayo mgeni hapaswi kuiona. Namwangalia kama ananuka pombe asubuhi. Wengi katika kazi hii hunywa waragi kabla ya kuanza, wakiamini inaikinga pua na kifua, na wengine huapa kwamba maziwa yanaosha gesi mwilini. Ni imani za watu ambao hawajawahi kufundishwa na yeyote. Fundi bomba anapimwa na kupewa cheti, mwashi naye vivyo hivyo. Anayeinamia shimo lenye gesi ya kuua hana mtihani wala cheti, na akitoka kwangu baada ya miaka hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba anajua kitu. Kijana wangu mmoja aliwaambia wakwe zake kwamba anafanya kazi kwenye lori la maji. Cheti kingemsaidia hata hapo.

Sasa hesabu. Nachukua mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi kama mfano, kwa viwango vya kodi ninavyotumia ninapoandika. Kodi ya mshahara huanza pale mtu anapozidi shilingi 235,000. Shilingi 100,000 za kwanza juu ya hapo zinakatwa asilimia 10, yaani 10,000. Zilizobaki 65,000 zinakatwa asilimia 20, yaani 13,000. Jumla ya kodi ni 23,000. Kwa NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, anakatwa asilimia 5, ambayo ni 20,000. Kijana anaondoka na 357,000 mkononi. Mimi natoa asilimia 10 nyingine ya NSSF, 40,000, juu ya mshahara. Kwa hiyo taniboi mmoja ananigharimu 440,000, kabla ya glavu, gambuti, sabuni na bima.

Mwenzangu wa mtaa wa pili anampa kijana wake 400,000 taslimu, hakati kitu, hapeleki kitu. Kijana wangu anamwona mwenzake ana 43,000 zaidi kila mwezi, na kodi ya nyumba yao ni ileile. Mteja naye ananipigia simu, anasikia bei yangu, anasikia ya yule, anamwita yule. Nimepoteza mfanyakazi na nimepoteza mteja kwa sababu nimefuata sheria ambayo Bunge lenu limeipitisha.

Niliketi na vijana wangu kuwaonyesha kwamba katika zile 83,000 zinazopita kati ya mfuko wangu na mfuko wao, 60,000 ni akiba yao wenyewe iliyoko NSSF kwa majina yao, na 23,000 tu ndizo kodi. Walionielewa haraka ni wale waliowahi kuona salio lao kwenye simu. Maneno yangu hayakuwa na nguvu kama ile namba kwenye kioo cha simu, inayopanda kila mwezi. Kwa hiyo nawaambia wakuu wa akiba: njooni kwenye foleni ya magari ya majitaka, si kwenye hoteli. Mtu mmoja mwenye kompyuta ndogo na mwavuli anaweza kuwaandikisha watu wengi asubuhi moja, maana gari likiwa kwenye foleni watu wake hawana pa kwenda.

Sheria iliyorekebishwa 2022 ilisema kila mwajiri achangie, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kabla ya hapo wenye watu chini ya watano hawakulazimishwa, na kazi yetu karibu yote ni ya watu watatu wanne. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya watu kama mataniboi. Imebaki kwenye karatasi kwa sababu hakuna anayekuja kutazama.

Ndivyo ilivyo pia kwa mkataba. Kanuni za ajira za 2011 zinasema mtu asifanywe kibarua zaidi ya miezi minne, akipita hapo apewe mkataba wa maandishi. Nawajua wanaume waliozeeka kwenye mpira wakiwa vibarua. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo, mapumziko ya ugonjwa yenye malipo, na taarifa kabla ya kuachishwa. Ukimuuliza taniboi wa kawaida habari ya likizo atakuambia likizo ni gari kuharibika.

Na kima cha chini cha mshahara. Kilichopo Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984. Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, na Rais hakuutia saini. Nilisikia hoja za waliouogopa, kwamba utafukuza wawekezaji. Mimi ni mwekezaji pia, mdogo, wa magari mawili, na naomba kima hicho. Kama kila mwenye gari Kampala analazimika kumlipa taniboi kiasi fulani, bei zetu zitapanda pamoja na hakuna atakayenishinda kwa bei kwa kumnyonya mtu wake. Muswada wenyewe ulikuwa na njia ya kuweka kima kwa kila sekta. Anzeni na sekta hii yetu, ni ndogo, mnaweza kuijaribia.

Kuhusu ajali nitasema kwa ufupi kwa sababu sheria iko wazi. Mfanyakazi akifa kazini, fidia ni mishahara ya miezi 60. Kwa mshahara wa 400,000 ni shilingi milioni 24. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi. Biashara ya gari moja isiyo na bima haiwezi kutoa milioni 24, itafunga na mwenyewe atazima simu, na mjane atabaki na rambirambi za jirani. Bima ya gari mnaidai kila siku barabarani, askari anatazama stika kwenye kioo. Ya watu walio ndani ya gari hilohilo haina stika.

Mnaweza kuniuliza: wewe unataka tufanye nini, na maafisa kazi ni wachache, hawana hata mafuta ya pikipiki? Nakubali hawawezi kuzunguka mitaani kumtafuta kila mwenye gari. Hawahitaji. Magari yote halali ya kunyonya vyoo hupita kwenye mageti machache ya kumwagia mzigo. Pale kuna daftari, kuna foleni, kuna kivuli. Afisa kazi akikaa getini siku moja tu kila mwezi, ataongea na mataniboi wengi wa jiji hili kuliko angewapata kwa mwaka mzima wa kuzunguka. Aongee nao wenyewe, mwenye gari akiwa mbali. Awaulize una mkataba, ulilipwa lini mara ya mwisho, umechanjwa, glavu zako ziko wapi. Halafu majibu yale yaingie kwenye faili la kibali, na kibali kikija kuhuishwa yasomwe pamoja na ripoti ya tangi. Mwenye gari aonyeshe mikataba, risiti za NSSF na hati ya bima ya wafanyakazi, apewe miezi ya kujirekebisha, na asipojirekebisha asipate kibali.

Nasisitiza miezi ya kujirekebisha. Kuna wenzetu wanaofanya kazi kwa ile pampu ya mkono, gulper, kwenye vichochoro ambavyo gari langu halifiki. Wanabeba tope kwa mapipa, kipato chao ni kidogo kuliko chetu, na wengi ni vikundi vya marafiki, hakuna mwajiri. Mkiwaangukia kwa kishindo siku moja, watarudi kufanya kazi usiku kwa ndoo, na vyoo vya maskini kabisa vitakosa mtu. Kwao anzeni na chanjo na mafunzo, makaratasi yafuate.

Chanjo ni jambo rahisi kuliko yote niliyoyataja. Serikali ilianza kampeni ya kuwachanja watu wazima homa ya ini ya B mwaka 2015, na watu wetu wanaoshika nyembe na sindano zilizotupwa chooni wanastahili kuwa mstari wa mbele. Ongezeni pepopunda na homa ya matumbo. Muuguzi mmoja na boksi la barafu, palepale getini.

Sasa nageukia ninyi mnaotoa zabuni, kwa sababu nyinyi ni wateja wetu wakubwa na ndio mnaotuumiza zaidi. Shule, hospitali, vituo na ofisi za umma zinatuita. Zabuni hupewa mwenye bei ya chini. Hakuna sehemu kwenye fomu inayouliza katika bei hii mshahara ni kiasi gani. Niliwahi kushindwa kwa bei ambayo, ukitoa mafuta na ada ya kumwaga, hakubaki kitu cha kumlipa mtu. Waliofungua bahasha walijua hesabu hiyo, au walipaswa kuijua. Wekeni mstari mmoja kwenye fomu: wafanyakazi wangapi, kwa mshahara upi, bima ipi. Bei isiyoweza kumlipa binadamu itupwe kabla ya kulinganishwa na nyingine.

Halafu lipeni kwa wakati. Taasisi moja ya umma tuliifanyia kazi mwanzoni mwa muhula, tukalipwa muhula uliofuata. Mafuta niliyanunua siku ileile kwa fedha taslimu. Ada ya mtambo nililipa siku ileile. Vijana niliwalipa mwisho wa mwezi, kwa mkopo, na riba ya mkopo huo hakuna ankara ya serikali inayoitambua. Malipo yanapofika hukatwa asilimia 6 ya kodi ya zuio, na mapato yenu yanakuwa yameshapata haki yao kabla sijajua kama nimepata faida. Sipingi kodi. Ninachosema ni kwamba mwajiri mdogo anayelipa mshahara wa mwezi hawezi kumngoja mteja mkubwa miezi mitatu, na ndiyo sababu mojawapo wenye magari wengi wanabaki kwenye tripu: tripu inamfanya taniboi ndiye anayemkopesha mwenye gari, na mwenye gari aikopeshe serikali. Mkilipa ndani ya siku 30, sababu hiyo mmewaondolea.

Mkataba nao uwe kwa lugha anayoielewa anayeutia saini. Mikataba niliyopata kwa wakili ni ya Kiingereza, kurasa nyingi. Tulikaa jioni nzima uani, mimi nikisoma na kutafsiri kifungu baada ya kifungu, na maswali yao yalikuwa mazuri kuliko ya wakili. Mmoja alitaka kujua: gari likiuzwa, mkataba wangu unauzwa nalo? Mwingine aliuliza kama likizo ya mke kujifungua ni kweli kwa mwanamume, nikamwonyesha kwamba sheria inampa siku nne. Wizara inaweza kuandika mkataba mmoja mfupi wa kazi hii, kwa Kiswahili, Kiganda, Kilugbara, Kiacholi, na kuuweka bure. Wenye magari wengi hawana mikataba kwa sababu hawajui pa kuanzia, na wakili ni ghali.

Mwaka 2019 Benki ya Dunia, Shirika la Afya Duniani, Shirika la Kazi Duniani na WaterAid walitoa ripoti ya pamoja kuhusu afya, usalama na heshima ya wafanyakazi wa usafi wa vyoo. Yaliyosemwa humo tunayaona kila siku kwenye foleni: watu wanaofanya kazi muhimu sana wakiwa hawaonekani na sheria haiwafikii. Sihitaji utafiti mwingine wala warsha. Kwa mtazamo wangu sheria tulizonazo zinatosha kwa sehemu kubwa, ukiacha hicho kima cha chini. Zinachokosa ni mahali pa kuzisimamia, na mahali hapo nimewaonyesha.

Chagueni geti moja na robo moja ya mwaka. Wekeni pale afisa kazi, mtu wa NSSF na muuguzi, siku moja kila mwezi, na tangazeni siku hiyo mapema ili wenye magari wajue kwamba watu wao wataulizwa. Mwaka ujao vibali vikihuishwa, dai la kwanza kwenye fomu liwe orodha ya wafanyakazi na namba zao za NSSF. Mkitaka gari la kuanzia, lichukueni langu. Mikataba, karatasi za mishahara zenye saini za vijana, risiti na hati ya bima ziko kwenye kabati la ofisi, na vijana wenyewe mtawapata kwenye foleni asubuhi yoyote ya kazi. Waulizeni mimi nisiwepo.

Wenu katika kazi,

Mwenye magari ya majitaka, Kampala